M'siri wa Bunkeya: mugeni aliyekuwa mwenye inchi

Kila mara siasa inapopata moto mu Katanga, swali moja linarudia: wewe ni mutu wa wapi? Wanaliuliza fasi ya kazi, wanaliuliza wakati wa uchaguzi, na wazazi wanaliuliza siku kijana anapokuja kuchumbia. Wenye kuliuliza wanataka jibu fupi: kabila moja, kijiji kimoja, jina la baba. Lakini mufalme mwenye kujulikana kupita wote mu historia ya Katanga, M'siri wa Bunkeya, hangeweza kulijibu kwa neno moja. Alizaliwa mbali, mu inchi inayoitwa leo Tanzania. Alifika huku kama mutoto wa mufanyabiashara. Aliuawa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1891 juu alikataa kuwapa wazungu inchi ambayo hakuzaliwa ndani yake.

Maisha yake tunayajua sehemu fulani kwa wazee wa Bunkeya, sehemu fulani kwa wamisionari na wasafiri waliofika kwake. Leo tunayasimulia kwa ajili ya swali hilo.

Mutoto wa Kalasa

M'siri alizaliwa karibu mwaka wa 1830 katika inchi ya Basumbwa, upande wa Tabora. Jina lake lilikuwa Ngelengwa Mwenda. Basumbwa ni ndugu wa karibu wa Banyamwezi, na watu wa pwani walikuwa wanawaita wote Banyamwezi bila kutofautisha. Mara mingi jina la kabila linatoka mu kinywa cha jirani kuliko mu kinywa cha wenyewe.

Jina Bayeke nalo ni hivyo. Kule kwao lilikuwa jina la chama cha wawindaji wa tembo, watu wenye kazi moja na dawa moja. Hakukuwa kabila la Bayeke pale. Watu hao walipofika huku na bunduki zao na kukaa, jina la kazi likageuka jina la watu. Watoto wao wakalichukua, wajukuu pia, na leo hakuna mutu mwenye kushangaa kusikia kabila la Bayeke. Kabila nzima ilizalika mu safari, ndani ya miaka mingine isiyofika mia moja.

Baba yake, Kalasa, alikuwa anakuja Katanga kununua shaba. Inchi hii ilijulikana kwa shaba kitambo sana mbele ya wazungu: mafundi walikuwa wanayeyusha mawe na kutengeneza misalaba ya shaba, ile tunayoiona leo kwenye bendera ya zamani ya Katanga. Ili biashara iende muzuri, Kalasa alifanya undugu wa damu na machifu wa huku. Wanaume wawili wanachanjana kidogo, kila mumoja anaonja damu ya mwenzake, na kuanzia siku ile watoto wa huyu ni watoto wa yule. Haikuwa muchezo. Mutu akimudhulumu ndugu wa damu, watu waliamini damu ile itamuua.

Kwa hiyo Ngelengwa alipokuja kukaa huku, katika miaka ya 1850, hakuingia kama mutu asiye na jamaa. Alikuwa tayari na baba zake huku, ambao hawakumuzaa.

Namna alivyokamata inchi

Alikaa kwanza kwa Mpande, chifu mukubwa wa Basanga. Mpande alikuwa anasumbuliwa na Baluba wenye kutoka kaskazini. Bayeke walikuwa wachache, lakini walikuwa na bunduki, na mu siku zile bunduki chache zilitosha kugeuza vita. Waliwarudisha Baluba nyuma. Mpande akawa na deni kwa mugeni wake, na deni la namna ile halilipwi na mbuzi.

Kidogo kidogo, mugeni alianza kuamua mambo ya wenyeji. Machifu waliokuwa na ugomvi wakamuomba musaada, na kila aliyesaidiwa akajikuta chini yake. Mapokeo ya Bayeke yanasema alipokea usultani kwa haki, pamoja na kombe ambalo ni alama ya uchifu. Basanga wengi wanasimulia vingine: kwao ni mutu aliyekaribishwa ndani ya nyumba, kiisha akamutoa mwenye nyumba. Masimulizi haya mawili yanaendelea hadi leo, na kila moja linafundishwa kwa watoto. Hata jina M'siri lina masimulizi yake: kuna wazee wenye kuliunganisha na neno la udongo, sawa vile angekuwa mutu aliyejitwalia inchi.

Ufalme wake uliitwa Garenganze. Karibu mwaka wa 1880 makao yake yalikuwa Bunkeya, leo mu teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Pembe za tembo, shaba, chumvi na watumwa vilipita pale. Misafara ilienda mashariki hadi pwani ya Zanzibar, na mingine ilienda magharibi, kupitia Bihe, hadi Benguela mu Angola. Kule njo bunduki na baruti vilikuwa vinatoka. Bayeke walileta pia ufundi mupya: kuvuta shaba kuwa waya mwembamba wa kusokota bangili.

Tusifiche upande mwingine. M'siri alikuwa mutawala mukali. Wamisionari walikuta mafuvu ya watu juu ya miti pale Bunkeya. Watumwa aliowauza walikuwa watoto wa watu wa hapa hapa. Mutu mwenye kutaka kumufanya shujaa safi atahitaji kufunga macho fasi mingi.

Bunkeya, muji wa damu mingi

Bunkeya ulikuwa muji wa watu waliotoka kila upande. Pale ulikuta Basumbwa, Basanga, Balamba, Baluba, Balunda, wafanyabiashara wa Bihe, na watu wa pwani wenye kanzu. Kufikia mwaka wa 1886 akaongezeka Frederick Stanley Arnot, mumisionari wa Kiskoti.

Lakini muchanganyiko mukubwa haukuwa sokoni. Ulikuwa ndani ya nyumba. Bayeke walikuja wanaume wengi na wanawake wachache. Wakaoa huku. M'siri mwenyewe alikuwa na mamia ya wake, na wengi walikuwa mabinti wa machifu aliowashinda au aliowapokea. Kila ndoa ilikuwa mukataba na kila muke alikuwa pia rehani: chifu mwenye binti yake Bunkeya alifikiri mara mbili mbele ya kuasi. Wanawake hao hawakuulizwa kama wanapenda.

Sasa, watoto waliozalika ni watu gani? Hapa desturi mbili ziligongana. Kwa Bayeke, mutoto ni wa baba. Kwa Basanga, kama kwa Balamba na Babemba, ukoo unapita kwa mama: mutoto ni wa jamaa ya mama yake, na mujomba njo mwenye neno kubwa juu yake. Basi mutoto wa baba Muyeke na mama Musanga alikuwa mutoto kamili wa pande zote mbili. Baba alisema ni Muyeke, wajomba walisema ni Musanga, na wote walikuwa na haki kwa sheria ya kwao. Hakuna aliyemuita nusu. Alikuwa mbili.

Luga inaonyesha wazi mambo hayo. Watoto walinyonya luga ya mama zao. Ndani ya vizazi vichache, Bayeke walio wengi walikuwa wanasema Kisanga nyumbani, na luga ya Basumbwa ikabakia mu nyimbo, mu majina ya sifa na mu mambo ya baraza la mufalme. Mushindi alikamata inchi, lakini wanawake wa inchi walikamata ulimi wa watoto wake.

Muke mwenye jina la Kireno

Kati ya wake wa M'siri mumoja anajulikana kwa jina: Maria de Fonseca. Alikuwa wa damu ya Wareno na ya Waafrika wa upande wa Angola. Jamaa yake Coimbra alikuwa mufanyabiashara wa misafara ya magharibi, na ndoa ile ilifunga njia ya bunduki na njia ya pembe kwa kifundo kimoja.

Leo tungemuita metisi. Pale Bunkeya rangi yake haikumuweka mu kisanduku cha peke yake. Kitu kilichohesabika ni jamaa yake, njia yao ya biashara, na kiti chake karibu na mufalme. Wareno na watoto wao wa muchanganyiko walikuwa mu njia zile za Angola tangu vizazi mingi, na watu walijua ni kina nani.

Tukipeleka macho upande wa Maniema, tunaona jambo lenye kufanana. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyekufa Zanzibar mwaka wa 1905, aliitwa Mwarabu mahali pote, hata kama wazungu waliomukuta waliandika kwamba ngozi yake ilikuwa nyeusi. Uarabu wake ulitoka kwa baba, kwa dini, kwa mavazi na kwa biashara. Lakini alipofika kwa chifu Kasongo Rushie, alijitambulisha kuwa mujukuu wa dada yake, aliyechukuliwa zamani mu vita. Yeye mwenyewe alisimulia kiisha mu kitabu cha maisha yake namna hadithi ile ilivyomupatia uchifu. Mutu mumoja, asili mbili, na kila moja alivaa siku ilipofaa. M'siri na Tippu Tip walijua kwamba asili ni kitu watu wanachokubaliana juu yake, na mwenye nguvu anaweza kusukuma makubaliano yaende upande wake.

Mwaka wa 1891

Kufikia mwaka wa 1890 wazungu walikuwa wanakimbilia Katanga juu ya madini. Alfred Sharpe alikuja kwa ajili ya Waingereza, na M'siri alikataa karatasi yake. Mwaka wa 1891 Paul Le Marinel alifika kwa ajili ya mufalme Leopold II wa Ubeleji na akaacha kituo huko Lofoi. M'siri hakutia mukono tena.

Wakati ule ule inchi ilikuwa inawaka ndani. Basanga waliasi, na vita vile vinakumbukwa kwa jina la Masengo, mwanamuke wa Kisanga aliyeuawa. Tazama: utawala ulioshikana kwa wanawake ulianza kupasuka kwa kifo cha mwanamuke. Njaa nayo ilikuwa imeingia.

Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili musafara wa kapiteni William Stairs ulifika. Stairs alizaliwa Canada na alifundishwa uaskari wa Kiingereza, lakini alikuwa anamutumikia Leopold. Pamoja naye walikuwa Omer Bodson, Mubeleji. Markizi Christian de Bonchamps, Mufaransa. Na munganga Joseph Moloney, Muingereza. Watu wa inchi ine tofauti, lakini kwa Bunkeya wote walikuwa wazungu tu. Askari na wapagazi wao walitoka pwani ya mashariki na walisema Kiswahili. Kwa hiyo watu waliokuja kumumaliza M'siri walipita karibu njia ile ile baba yake Kalasa alipitia akija kutafuta shaba.

Stairs alisimamisha bendera ya Leopold bila ruhusa. M'siri aliondoka Bunkeya usiku na kwenda kijiji cha karibu, Munema. Asubuhi ya tarehe 20 Bodson na Bonchamps walitumwa kumukamata. Mu mabishano Bodson alimupiga risasi. Masuka, mwana wa M'siri, akamupiga Bodson, naye akafa. Kiisha watu wa musafara wakakata kichwa cha mufalme ili watu waone kwamba amekufa kweli.

Kichwa na kipimo

Mpaka leo kule Bunkeya wanauliza kichwa kile kilienda wapi. Si swali la ujinga. Miaka saba mbele, mu mwezi wa kumi na mbili wa 1884, watu wa Émile Storms waliua chifu Lusinga wa Batabwa, karibu na ziwa Tanganyika, na fuvu lake likapelekwa Ubeleji. Pale mutaalamu wa Brussels alilipima kwa vyombo, sawa vile wataalamu wa siku zile walivyokuwa wanapima mafuvu ya watu wa dunia nzima, juu ya kutafuta rangi za watu ndani ya mifupa. Fuvu la Lusinga liliwekwa mu jumba la makumbusho la Brussels.

Elimu ile ya kupima vichwa imekufa. Wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba watu hawagawanyiki mu mafungu ya damu yenye mupaka, na kwamba tofauti kubwa za urithi ziko ndani ya kila kundi kuliko kati ya kundi na kundi. Lakini tabia ya kumugawa mutu kwa kisanduku haikufa na vyombo vile. Ilihama mu makaratasi.

Visanduku

Serikali ya wakoloni ilihitaji kujua nani ni nani ili ikusanye kodi na kuajiri watu wa migodi. Kila mutu akaandikiwa kabila moja na uchifu mumoja. Mutoto aliyekuwa mbili, wa baba na wa wajomba, akawa moja kwenye karatasi. Bayeke, chini ya Mukanda Bantu, mwana wa M'siri, walisaidia serikali mupya kuwashinda Basanga, na uchifu wao ukatambuliwa.

Wenye kuumia zaidi ni watoto wa baba wazungu na mama Waafrika. Jamaa ya Maria de Fonseca iliweza kufanya biashara kutoka Angola hadi hapa na kuozesha binti kwa mufalme. Miaka hamusini kiisha, mutoto wa rangi ile alikuwa hatari kwa serikali, juu aliharibu mupaka kati ya mweupe na mweusi. Watoto waliondolewa kwa mama zao na kupelekwa mu misioni, kama ile ya Katende mu Kasai. Mwaka wa 2019 waziri wa kwanza wa Ubeleji, Charles Michel, aliomba musamaha. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024 tribinali ya rufani ya Brussels iliamua, mu shauri la wamama watano waliozaliwa Kongo, kwamba tendo lile lilikuwa kosa juu ya ubinadamu.

Kisanduku kingine kilituangukia sisi wenyewe. Mwaka wa 1957, mu uchaguzi wa komini za Elisabethville, watu wenye asili ya Kasai walipata viti vikubwa. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kilizaliwa, kutetea wale waliojiita Wakatanga wa asili. Mumoja wa viongozi wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mutu wa ukoo wa M'siri mwenyewe, aliyekuwa kiisha waziri wa mambo ya ndani wakati Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga mu mwezi wa saba 1960. Basi mujukuu wa mugeni aliyetoka Tabora alikuwa mulinzi wa mulango wa wenyeji.

Hatusemi hivi kwa kumucheka. Inaonyesha tu kazi iliyofanywa na ndoa, luga na makaburi mu miaka mia moja: watu waliokuja wakawa wenyeji kweli, mpaka hakuna mwenye kuwauliza tena. Lakini wengine waliokuja kiisha, na reli na migodi, hawakupewa muda ule. Mu 1992 na 1993, mu Likasi na Kolwezi, maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wengi walizaliwa hapa. Walingoja treni siku mingi kwenye gari la moshi, na kuna waliozika watoto pale pale.

Kutoka Bunkeya hadi Karavia

Katika kartie yetu ya Karavia, pembeni ya ziwa na ya hoteli kubwa, lupangu moja inaweza kuwa na baba Muluba wa Kasai, mama Mulamba, bamukwe wa Kisanga na mupangaji ambaye babu yake alikuwa Mugreki au Muhindi. Watoto wanasema Kiswahili chetu cha Lubumbashi, wanajibu kwa Kifaransa wakitoka masomo, na wanaelewa luga ya nyanya bila kuisema. Bunkeya ya mwaka wa 1886 haikuwa mbali na hiyo. Tofauti ni kwamba leo mutoto yule akienda kuandikisha karatasi, anaulizwa achague jibu moja.

Maisha ya M'siri hayamupi mutu haki ya kufukuza, na hayamupi mugeni haki ya kukamata cha wenyewe. Basanga wana sababu ya kukumbuka namna mukaribishwa wao alivyogeuka bwana, na Bayeke wana sababu ya kukumbuka mufalme aliyekufa bila kuuza inchi. Watu wengi wa hapa ni wajukuu wa pande zote mbili pamoja.

Mwenye kutaka kujua anaweza kuanza na jambo dogo. Karibu kila mutu anajua jina la babu yake wa upande wa baba. Muulize muzee wa kwenu majina ya nyanya zako wote wanne wa nyuma, na fasi kila mumoja alizaliwa. Fanya mbele ya muzee yule kuondoka, juu majina ya wale wanawake hayako kwenye karatasi yoyote.